Dhekur ya Mwanyumba Wangu

Jumanne, 27 Mei

Itangazwe kwa walio hai na kwa watakaozaliwa: leo mchana, baada ya wali na dengu, tumbo la Gourhari Samaddar, tabibu wa vidonge vitamu vyeupe, mkazi wa Krishnanagar, limeinua dhekur moja iliyovuka bwawa la mtaa na kumfikia mbuzi wa jirani. Mbuzi alisimama.

Mke wangu Shyamali hakusimama. Alikuwa anakuna nazi. Alisema kama nina nguvu za kutoa mbweu ya namna ile, basi ninazo pia za kupeleka shuka kwa dobi.

Nikamweleza kwamba yalikuwa mazoezi. Jumapili ni Sikukuu ya Wakwe. Kila mwaka, katika mwezi huu wa maembe na joto la kuivisha mayai barabarani, mama wakwe wa Bengali nzima huwaketisha waume wa binti zao na kuwalisha mpaka waombe msamaha. Na kwa mama mkwe wangu, Mama Bibhabati, kuna jambo moja linalozidi yote: kichwa cha samaki rui, kimezama katika mchuzi wa dengu, mdomo wazi, kana kwamba kinataka kuhutubia. Kichwa ni kimoja. Anapewa mkwe mmoja. Tangu nioe, mkwe huyo ni mimi.

Nikiri kwamba mpaka sasa sikuwa na mpinzani. Mama alikuwa na mkwe mmoja tu.

Sasa tuko wawili. Mithu, mdogo wake Shyamali, aliolewa kipindi cha baridi na kijana aliyelelewa Bengaluru, fundi wa kompyuta, jina lake Shaunak. Ndiye mwanyumba wangu. Hii ni Sikukuu yake ya kwanza, na mkwe mpya ni kama mtungi mpya: hata maji ya bomba yakiwekwa humo husifiwa kuwa matamu. Kichwa kiko hatarini.

Mpango: kumshinda kwa dhekur. Mama haamini sifa za mdomoni. Husema mdomo umefundwa, tumbo halijafundwa. Ukimsifia mchuzi, atakushukuru na kuendelea kukutazama. Anangoja neno la tumbo.

Shuka sijapeleka.

Jumatano, 28 Mei

Wagonjwa wachache, wote wa tumbo. Muda wa kutosha kulitafakari neno lenyewe.

Dhekur ni neno zuri mno. Sijui kwa nini hawaliweki kwenye mihuri ya posta. Sisi watu wa hapa hatuli tu na kuacha, tunafuatilia. Chakula kikishashuka tunataka habari zake. Dhekur ndiyo salamu za msafiri: nimefika salama, msiwe na wasiwasi.

Na tazama tunavyolitumia. Hatusemi mtu kaipiga, kana kwamba ni ngoma. Hatusemi kaitoa, kana kwamba ni kodi. Tunasema kaiinua, kama ndoo kutoka kisimani, taratibu, isimwagike. Ziko za aina mbili. Ile chachu, ndugu yake kiungulia, ndiyo inayotulisha mimi na Shyamali. Ile ya kuridhika haina haja ya tabibu, nami huiheshimu hata inaponinyima wateja.

Hata mwizi tunampima kwa neno hilo. Mkandarasi mmoja hapa mtaani alifukia nusu ya bwawa letu akajenga ghala. Hakuna aliyemwita mwizi. Watu walisema: kameza maji, kameza samaki, kameza na ngazi za kuogea, na dhekur hakuinua. Yaani hata adabu ya mlaji hana. Sijawahi kusikia hukumu kali kuliko hiyo mahakamani.

Asili yake nimeigundua mimi mwenyewe, leo, nikiwa naoga. Bibi zetu walitwanga mpunga kwa dhenki, lile gogo linalokanyagwa kwa mguu. Likipanda, dhek. Likishuka, kur. Tumbo lililoshiba mpunga huo likaiga. Nilijipangusa nusu nikaenda mbio kumweleza baba mkwe, Mzee Kamalaksha, stesheni masta mstaafu, nikitumaini habari zitafika jikoni kwamba mkwe mkubwa ni msomi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama chura naye alipewa jina na bibi zetu wakati wakitwanga. Tumbo, alisema, lilijiita lenyewe, halikungoja msaada wa mtu. Akanionyesha pia kwamba nimevaa shati nje ndani.

Ijumaa, 30 Mei

Shaunak amefika kwa Mama jana jioni. Leo nimekwenda kumpokea rasmi.

Nilitaka awe na majivuno. Hana. Mrefu, mnyenyekevu, miwani inayoteleza puani. Aliinama akanigusa miguu kama inavyompasa mdogo, akaniita kaka mkubwa, akauliza kuhusu vidonge vyangu kwa hamu ambayo mke wangu hajaionyesha tangu harusi. Nilianza kumpenda. Hilo ni tatizo kubwa kwa mtu mwenye mpango.

Tukaletewa chai na sambusa za viazi kibarazani. Mithu na Shyamali walikuwa ndani na mama yao wakimenya ua la mgomba. Tulikuwa wawili peke yetu. Alikula sambusa, akanywa chai, akatazama bustani. Na hapo, bila kukusudia, bila kujiandaa, bila hata kuweka kikombe chini, akainua.

Ee Mungu. Nimesikiliza matumbo ya mji huu robo karne. Sijasikia kitu kama kile. Ilianzia mbali, nzito, ya duara, haikukwaruza mahali popote. Na hii ilikuwa sambusa tu. Atakapokula mbuzi wa Mama, itakuwaje? Kijana ana kipaji na hajui. Aliomba radhi, masikio yamemwiva. Kwao Bengaluru, alisema, mama yake alimzuia tangu utotoni, maana jirani zao walikuwa watu wa vijiko.

Nikaona mlango umefunguka wenyewe.

Nikamsogelea. Nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba bahati yake ni kuwa nimesikia mimi na si Mama. Katika nyumba hii, nikasema, dhekur inajulikana moja tu, ile chachu. Ukiiinua mbele ya Mama, ni sawa na kumwambia amekulisha chakula kilicholala. Nikamwambia mkwe wa nyumba fulani, sikutaja ipi, aliinua moja tu na hajawahi kualikwa tena, hata mazishini.

Rangi ilimtoka. Alinishukuru mara kadhaa. Alinigusa miguu tena. Roho ilinisuta kidogo. Miguu ilifurahi.

Jumamosi, 31 Mei

Siku mbaya.

Asubuhi Mzee Kamalaksha aliniita tukanunue samaki. Nilidhani ananiheshimu. Kumbe alitaka faragha. Alichagua rui mmoja mkubwa, akambonyeza mashavu, akamfunua matamvua, na huku muuza samaki akiparua magamba, akaniambia jambo ambalo hata binti zake hawalijui.

Tangu homa iliyomshika kipindi cha baridi, Mama hasikii ladha. Wala harufu. Hakuna kitu. Pilipili kwake ni moto tu, sukari ni mchanga. Miezi hii yote anapika kwa kumbukumbu, kwa mkono na kwa jicho, na chumvi anaitia kwa kuhesabu pumzi. Mzee humwambia kila siku kwamba ni kitamu, na yeye humjibu kwamba ameishi naye mno, ushahidi wake haukubaliki. Anangoja Jumapili. Wakwe wakiinua dhekur ya kuridhika, atajua mkono wake ungali hai. Wakinyamaza, atafunga jiko la karamu. Ameshaulizia wapishi wa kukodi.

Mzee alinishika kiwiko. Akasema, nakutegemea, baba, na huyo mdogo nasikia naye analo tumbo zuri. Jana aliinua moja kibarazani, niliisikia nikiwa chooni.

Nikasema naam, Mzee. Magamba ya samaki yalikuwa yameniruka usoni, kwa hiyo sura yangu haikuonekana vizuri.

Njia iliyonyooka ilikuwa kumwendea Shaunak na kumwambia nilimdanganya. Niliifikiria njia hiyo. Nikachukua nyingine. Nilimwendea nikamwambia kwamba ile desturi, kwa kuangalia upya, mwaka huu imelegezwa. Kesho ni ruhusa. Tena inapendeza.

Akatabasamu kwa uelewa mkubwa. Akasema, kaka mkubwa, najua unanipima. Nikasema sikupimi. Akasema ndivyo anavyosema apimaye. Nikamwapia kwa jina la mungu wa kike wa ukoo wetu. Akaniahidi kwamba hata nimtekenye, hataniangusha. Kaapa kwa kompyuta yake, kitu ambacho nadhani kwa watu wake ni kizito zaidi.

Basi imebaki juu yangu. Lazima niinue kwa niaba ya wakwe wote. Nimenunua soda za gololi, zile zenye gesi kali, kreti nzima.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Wakwe imefana. Kichwa cha samaki kilimfikia aliyestahili. Dhekur iliinuliwa ambayo mji huu utaisimulia. Mama Bibhabati alifurahi mno, na jiko halitafungwa. Mkwe mkubwa alitoa mchango usiosahaulika.

Naenda kulala.

Jumanne, 3 Juni

Niliyoyaandika Jumapili ni kweli yote, na hilo ndilo linaloniudhi. Mwongo stadi hahitaji kusema uongo. Ngoja niandike ilivyokuwa hasa.

Asubuhi ya Jumapili nilikunywa soda. Kisha nikanywa nyingine kuhakikisha. Kisha, kabla ya kuondoka nyumbani, nikaingia bafuni kufanya jaribio la mwisho. Lilifanikiwa mno. Nikajaribu tena, likafanikiwa tena. Yalikuwa mafanikio mfululizo, Shyamali akigonga mlango na kuuliza kama nafukuza kunguru. Nilipotoka nilikuwa mwepesi kama pamba. Mtu mwenye busara angejiuliza wepesi huo umetoka wapi.

Tulikaa chini, mimi na Shaunak, kwenye mikeka iliyotariziwa. Mama alitunyunyizia maji kwa pepeo la mvumo, akatufunga uzi wa manjano mkononi, akatutia tone la mtindi kwenye paji la uso. Uzi wangu aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Shaunak alidhani ni uzee. Mimi nilijua.

Sahani za shaba zikaletwa, bakuli zimezizunguka kama vifaranga. Kichwa kikaja. Kikapita mbele yangu. Kikatua kwa Shaunak. Mimi nikapewa mkia.

Nitasema kweli: mkia wa rui ni miiba iliyofungwa pamoja na samaki kidogo. Lakini chakula kile. Nimekula kwa Mama tangu nikiwa na nywele, na sijapata kula namna ile. Dengu zilikuwa laini kama neno la upole. Samaki wa haradali alinipanda mpaka kisogoni. Nyama ya mbuzi ilikuwa haihitaji meno, ilihitaji ruhusa tu. Mwanamke yule alikuwa amepika kama kiziwi anayeimba, na hakukosea wimbo.

Alikaa mbele yetu akipepea. Hakula. Hakuuliza kitu. Kichwa kakiinamisha upande, sikio moja mbele. Mzee alijifanya anasoma gazeti. Hakufungua ukurasa hata mmoja.

Nikaona wakati umefika. Nikajikusanya. Nikaita. Hakuna. Kisima kikavu. Yote nilikuwa nimeyaacha bafuni. Nikameza hewa, nikaisukuma chini, nikaivuta juu, na kilichotoka ni kwikwi.

Mama akanipa maji, akasema kuna mtu anakukumbuka, baba. Kwikwi ya pili. Akasema anakukumbuka sana.

Nikamgeukia Shaunak, tumaini la mwisho. Masikini. Alikuwa amekimaliza kichwa chote, macho na ubongo, na nyama, na mtindi wa sukari, na sasa kilichokuwa ndani yake kilikuwa kinataka kutoka kwa haki na kwa nguvu. Mishipa ya shingo imesimama. Miwani imeingia ukungu. Mkono mmoja kaubana kifuani kama mtu anayezuia mlango wakati wa tufani. Na kila nilipomtazama alinikonyeza, kunijulisha kwamba hajasahau.

Mama aliiona ile sura. Akamuuliza kama chumvi imezidi. Shaunak akatikisa kichwa, mdomo kaufumba. Pilipili? Akatikisa. Basi haikuiva? Akatikisa, machozi yanamtoka.

Pepeo likapungua mwendo. Kisha likasimama.

Mama akamwambia Shyamali, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwaka kesho waite wale wapishi wa harusi. Mkono wangu umekwisha, mwanangu, alisema. Akaanza kukusanya bakuli.

Hapo ndipo niliposema. Sitaki kujisifu, sikuchagua kusema, nilijikuta nimeshaanza. "Mama, ni mimi. Nilimwambia, hik, nilimwambia kwamba kwako dhekur ni tusi. Kwa sababu ya, hik, kichwa."

Nilihisi macho ya Shyamali ubavuni kama joto la jiko. Mithu aliuliza, kichwa gani? Dada yake akamjibu kwamba cha samaki, mdogo wangu, kwa sababu chake mwenyewe hakitumii.

Mama aliweka bakuli chini. Mimi hakunitazama hata kidogo. Alimtazama Shaunak, akapiga magoti mbele yake, mwanamke wa miaka sabini, akamwekea kiganja mgongoni kama mtoto wa kunyonya.

"Na wewe umeishikilia muda wote huu, baba?"

Shaunak akaitikia kwa kope.

"Haya, mwanangu. Inua."

Nimejaribu tangu juzi kutafuta maneno. Ilianza chini, chini kuliko sakafu, kama treni ikiwa bado haijafika daraja la mto Jalangi lakini chuma kimeshaisikia. Ikaja. Ikapita sebuleni bila haraka. Ilipofika mahali ambapo mbweu za watu wa kawaida huishia, ilivuta pumzi na kupanda ghorofani. Bakuli ziliitikia. Na mwishoni, pale ambapo ungetegemea ikatike, ikajifunga yenyewe kwa upole, kama mtu mwenye adabu anayerudisha mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Mzee alikunja gazeti.

Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilichezacheza, kama ya mtu anayeonja. Kisha akasema, "Haradali niliizidisha kidogo kwenye samaki. Lakini nyama imekubali."

Na ilikuwa kweli. Haradali ilikuwa imezidi, kidogo, kidogo mno, na hakuna hata mmoja wetu mwenye ulimi mzima aliyekuwa ameitambua.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi. Mzee naye akacheka, na ndipo binti zake wakaambiwa habari ya homa na ladha, wakalia, wakamgombeza, wakamkumbatia, na Mama akasema hakuna haja ya wapishi wa kukodi ikiwa huyu mdogo atakuwa anakuja. Shaunak aliinua mbili ndogo za nyongeza, kwa ombi la mwenyeji.

Mimi sikufukuzwa. Mama alinipakulia vitamu vya malai ya maziwa mara mbili, akasema mwenye kwikwi na uongo apewe kitu cha kuteleza.

Wakati wa kunawa mikono Shaunak alikuja kando yangu kisimani. Nilingoja anipige. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba vichwa vya samaki humwogopesha tangu utotoni, kwa sababu ya yale macho. Alikula kwa heshima tu, huku akiomba dua. "Si ungesema tu, kaka mkubwa," akasema. "Ningekusukumia chini ya sahani." Kisha akaniuliza ninatibu vipi ndoto mbaya.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Shyamali hasemi nami, isipokuwa kuhusu shuka. Nimekaa na jambo hili siku nzima, nikalipima, na mafunzo yake nimeyaona. Ukitaka kitu, kiombe. Kijana ni muungwana, kichwa hakitaki, mwaka kesho neno moja litatosha.

Ila kuomba kuna hatari zake. Je, akisahau? Je, akijifunza kukipenda? Kwa hiyo nimemtumia ujumbe mfupi, wa kindugu, kumkumbusha kwamba kwa desturi ya zamani ya nyumba ile, katika mwaka wake wa pili mkwe mdogo hagusi samaki. Anakula maembe tu, akiwa amegeukia ukutani.

Amejibu papo hapo. Asante sana, kaka mkubwa, bila wewe ningeaibika. Ameuliza kama ni ukuta wowote, au ule wa mashariki.

Nimemwambia wa mashariki. Sasa nasikia simu ya Shyamali inalia huko chini, na sauti ya Mithu ndani yake, na kandambili zinapanda ngazi haraka kuliko kawaida.